Mtandamboo wa kutambaa Malindi na Lamu: ukiona hivi, angalia hapa kwanza

Kabla ya yote nina ombi moja, ukiona mtandamboo wako umebadilika rangi usikimbilie dukani kununua dawa. Kuanzia Mambrui mpaka Watamu na kule Lamu pia, mimea mingi ninayoletewa niitazame inakuwa ishapigwa sprei aina mbili tatu, na ukichunguza unakuta hakuna mdudu wala ukungu, shida ni maji ya kisima, au udongo wa matumbawe, au shimo lilichimbwa vibaya tangu mwanzo. Dawa inakuwa imeongeza mzigo juu ya mmea ambao tayari unaumwa. Kwa hivyo hapa nitakwenda kwa dalili, unaona nini, unapimaje, halafu unafanya nini.

Tuelewane kwanza ni mmea gani. Nazungumzia ile Carissa macrocarpa fupi ya kutandaza chini badala ya nyasi, wauza miche wengi wanaiita karisa tu. Asili yake ni mwambao wa Afrika Kusini na Msumbiji, majani mazito yanayong'aa mwaka mzima, maua meupe yenye harufu tamu, matunda mekundu ya kuliwa, na miiba iliyogawika ncha mbili ambayo ukikanyaga pekupeku utaikumbuka wiki nzima. Mtandamboo wetu wa porini ni ndugu yake lakini huo hautambai kwa adabu, unapanda juu na mwiba wake una ncha moja, hapo utaitofautisha. Aina zilizochaguliwa ziwe fupi, kama 'Green Carpet', hazizidi sana sentimita 45 kwenda juu na zinatanda mita moja na zaidi.

Kuna wanaouliza pia kuhusu Rubus rolfei, ile ya miiba midogo inayotambaa na kufunika ardhi, wameiona kwenye picha wakaipenda. Kusema kweli hiyo ni ya milima ya Taiwan, inapenda baridi, na rangi yake nzuri ya shaba inakuja majira ya baridi. Malindi usiku wenyewe mara nyingi hauendi chini ya digrii 22. Kama umeletewa toka nje au toka bara na inanyauka hapo kwako, haina ugonjwa, ni joto na unyevu wa hewa, na hakuna mbolea ya kurekebisha hali ya hewa. Mtandamboo ndio utakupa kazi ileile huku kwetu, upepo wa chumvi hauusumbui, ndio maana naupigania.

Majani machanga manjano, mishipa kijani

Hii ndio namba moja, tena hasa kwa nyumba mpya. Jani la juu, lile changa, linakuwa manjano au karibu jeupe ila mishipa inabaki kijani, na yale majani ya zamani ya chini bado yako sawa. Hapo mmea unakosa madini ya chuma. Sasa chuma kwenye udongo inaweza kuwa imejaa tele, lakini udongo wetu wa mwambao ni matumbawe yaliyosagika, chokaa tupu, na chokaa inaishika ile chuma mizizi isiweze kuinywa. Ukiongeza na fundi aliyemwaga mabaki ya simenti na vumbi la mawe pale pale utakapopanda, basi hali inazidi. Ukiona manjano imejipanga kandokando ya ukuta tu na katikati ya bustani ni kijani, jibu unalo.

Kupima ni rahisi, chukua udongo mkavu kijiko kimoja toka chini kidogo, sio juu, weka kwenye kisahani, mwagia siki. Ukichemka povu, hiyo ni chokaa. Povu kidogo unaweza kuishi nayo, lakini ukifoka mpaka unasikia sauti basi udongo wako ni chokaa mpaka chini.

Watu watakwambia weka salfa ya unga upunguze ukali wa chokaa. Kwa udongo wa bara inasaidia, kwa mchanga wa matumbawe wenye chokaa huru ni kupoteza pesa, itabidi uweke salfa nyingi mno na mawe yenyewe yapo chini yanaendelea kutoa chokaa kila ukimwagia maji. Sulfeti ya chuma nayo ukiiweka kwenye udongo inashikwa vilevile. Kinachofanya kazi ni chuma iliyofungwa kitaalamu isishikwe na chokaa, kwenye pakiti angalia herufi EDDHA, zile nyingine za EDTA kwenye chokaa kali hazidumu. Unakoroga na maji unamwagia shinani jioni, majani mapya ndio yatakayotoka kijani, yale yaliyokwisha kuwa meupe usiyasubiri.

Kama huipati, piga sulfeti ya chuma kwenye majani, gramu 5 kwa lita moja ya maji na tone la sabuni, jioni jua likishapoa, na ujaribu matawi machache kwanza uone kama hayaungui. Inasaidia kwa muda tu, itabidi urudie. Na tafadhali usipige karibu na ukuta mweupe au sakafu ya barazani manake inaacha madoa ya kutu, na chokaa ya ukuta ikishanywa ile kutu haitoki. Nyumba za Lamu zile zilizopakwa chokaa vizuri ni huruma kuziharibu hivyo.

Dawa ya kudumu ni mboji. Shimo pana mara mbili ya kifuko cha mche, samadi iliyooza vizuri na majani yaliyooza nusu kwa nusu na udongo, halafu kila mwaka kabla ya mvua za Aprili unaongeza tabaka juu. Kazi ni polepole lakini mizizi ikishajaa kwenye mboji hutaona tena ile manjano kali.

Usichanganye hii na manjano ya majani ya chini. Yale ya zamani yakiwa manjano jani zima bila mishipa kubaki, mmea una njaa ya kawaida ya naitrojeni, kawaida sana kwenye mchanga manake mvua ya mwezi wa tano inashusha kila kitu, samadi tu inatosha. Na kama ni majani machache ndani kabisa penye giza, hiyo ni uzee, wacha.

Kingo za majani kuungua

Hapa ndipo watu wanabishana na mimi, wananiambia si ulisema mtandamboo unastahimili chumvi? Ndio, unastahimili chumvi ya hewani, kusi livume lirushe mawimbi mpaka kwenye majani hautajali sana. Lakini chumvi ya maji ya kisima inayolundikana kwenye mizizi siku baada ya siku ni habari nyingine. Dalili zake ni ncha na kingo za jani kuwa kahawia, kavu kabisa, zinaanzia majani ya zamani, na juu ya udongo unaona ukoko mweupe.

Ukoko mweupe lakini usiuhukumu haraka, unaweza kuwa chumvi au chokaa ya maji yenyewe. Kwangua kidogo, tia kwenye maji matamu. Ukiyeyuka wote ni chumvi, ukibaki chini kama unga na ukitia siki unatoa povu ni chokaa. Ukipata vyote viwili usishangae, maji ya visima vya karibu na bahari ndivyo yalivyo. Na kisima kile kile hakina ladha moja mwaka mzima, kuanzia Januari mpaka Machi wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna na kila mtu anavuta maji, chumvi inapanda. Bustani iliyokuwa sawa Novemba inaanza kuungua Februari na mwenyewe anadhani ni ugonjwa umeingia.

Kosa linaloumaliza mmea ni kumwagia kidogo kidogo kila siku. Maji yanaingia vidole viwili, jua linayavuta, chumvi inabaki pale pale juu kwenye mizizi, kesho tena. Afadhali umwagie mara moja au mbili kwa wiki lakini maji mengi yashuke chini kabisa yapite na chumvi. Maji ya mvua ukiyaweka kwenye tangi, yatumie kwa kazi hii ya kusuuza, angalau mara moja kila baada ya wiki chache wakati wa kiangazi. Kule Shela wenye visima vya kwenye matuta ya mchanga wana bahati, mvua inanywewa na matuta na maji yake yanakuwa matamu zaidi, lakini si kila kisima cha Lamu ni hivyo.

Kuna vyanzo vingine vya chumvi ambavyo hakuna anayevifikiria. Makumbi ya nazi ni kitu kizuri sana cha kutandaza chini, lakini yale yaliyofukiwa ufuoni ili yatolewe nyuzi za kamba yamelowa maji ya bahari miezi, lazima uyasuuze kwa maji matamu mara kadhaa au uyaache yanyeshewe msimu mmoja. Mwani uliokusanywa pwani hivyohivyo. Mchanga wa ufuoni usiutie kabisa kwenye shimo. Na kwa nyumba zenye bwawa la kuogelea, tizama yale maji ya kusafishia chujio yanamwagwa wapi, nshaona kipande kizima cha mtandamboo kimekauka kwa umbo la mkondo wa maji, mwenyewe amenunua dawa ya fangasi ilhali mpira umeelekezwa hapo.

Samadi ya punda, hii ni ya ndugu zangu wa Lamu. Mnayo nyingi na ni nzuri, lakini ikiwa mbichi na mkojo ndani inaunguza kingo za majani sawasawa na chumvi. Ilundike, ilowanishe, igeuze, isubiri mpaka haina joto wala harufu kali ndio uitumie.

Ukiona imeungua upande mmoja tu, ule unaotazama bahari, na mimea ndio kwanza umeipanda, basi hapo kweli ni upepo. Miche michanga isiyokomaa inahitaji kizuizi cha makuti mpaka ishike.

Mmea umenyauka na udongo umelowa

Hii ndio inayoua, na inaua haraka. Majani yananing'inia, rangi inafifia kuwa kijani kijivu, mwenyewe anaona kiu anaongeza maji. Simama hapo hapo, ingiza kidole ardhini. Kama ni mbichi, usimwagie hata tone.

Chimba pembeni utoe mzizi mmoja. Mzizi mzima ni mgumu na ndani mweupe. Ukiwa kahawia, laini, ganda linachomoka ukivuta linabaki uzi katikati, na unanuka, mizizi imeoza. Vimelea kama Phytophthora na Pythium ndio kazi yao lakini havifanyi kitu mpaka uvikaribishe kwa maji yaliyotuama. Na utauliza maji yatuame vipi kwenye mchanga? Kwa sababu sehemu nyingi za Malindi na hasa zile za juu ya mwamba, ukishuka futi moja na nusu unagonga jiwe. Fundi anachonga shimo kwenye jiwe, anajaza udongo mzuri, anapanda, na hapo ametengeneza beseni. Mvua ya Mei ikishuka siku tatu mfululizo beseni linajaa na halina pa kutokea.

Kwa hivyo kabla hujapanda, jaza shimo maji uende ukafanye mambo yako. Ukirudi baada ya muda wa saa nne bado maji yapo, ama utoboe jiwe mpaka lipitishe au uache kuchimba na upande kwenye tuta la juu la sentimita 30 hivi. Tuta ndio naona bora, rahisi na mtandamboo ukitambaa unalifunika lenyewe. Shina likae juu kidogo ya usawa wa ardhi, lisifukiwe, na matandazo yasiliguse.

Ikiwa imeshaoza nusu, kata mizizi mibovu yote, punguza na matawi kiasi hicho hicho, hamishia kwenye tuta au kifuko chenye mchanga mwingi, kivulini, maji kidogo. Ikiwa shina lenyewe limeoza pale chini, ng'oa uchome. Usipande mwingine shimo hilo hilo kabla hujarekebisha maji.

Tofautisha na tawi moja moja kukauka toka nchani kurudi nyuma huku mmea mwingine ni mzima. Huo ni ugonjwa wa matawi unaoingilia kwenye vidonda, mara nyingi baada ya mtu kupita na fyekeo akachanachana matawi. Kata mpaka kwenye mti ulio safi ndani, halafu sentimita chache zaidi, futa makasi kwa spiriti kila baada ya kata, na fanya siku ya ukavu. Utomvu wake mweupe usikuguse macho, vaa glavu.

Unapanda juu badala ya kutambaa

Mtu analalamika kauziwa wa kutambaa na sasa ameingia kiunoni. Kuna sababu mbili. Kama mche umetokana na mbegu, hakuna dawa, mbegu ya mtandamboo mfupi inaweza kuzaa mrefu, ule ufupi unahifadhiwa kwa vipandikizi peke yake, kwa hiyo ukinunua uliza umetoka kwa mbegu au kwa tawi na uombe kuona mama yake. Kama umetokana na tawi kweli, basi hata hizi aina fupi zina tabia ya kurusha chipukizi nene la kwenda juu mojamoja. Hilo lifuate mpaka linapoanzia, ulikate pale pale chini. Ukilikata kwa juu linatoa matawi matatu ya kwenda juu na umejiongezea kazi. Ndio maana sipendi kuona kijana wa bustani anausawazisha kwa fyekeo kila mwezi, anaufundisha kupanda, na juu ya hapo anakata maua manake maua yako kwenye ncha.

Katikati wazi, ndago inaingia

Ama umepanda mbalimbali sana, ama jua halitoshi. Nafasi ya sentimita 60 mpaka 90 inatosha, zaidi ya hapo utasubiri sana. Chini ya mvinje haukai vizuri, kivuli pamoja na ule mzigo wa vijani vyake vinavyoanguka kila siku, mmea unakuwa mwembamba na uwazi unabaki. Unataka saa tano sita za jua.

Ndago ing'oe na vitunguu vyake kabla hujapanda, sio baada, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kuingiza mkono ndani ya mtandamboo uliokomaa kutoa ndago ni kuumia bure. Maliza kipande kwanza, kimwagie maji, isubiri iote, ing'oe tena, rudia mpaka ichoke. Kisha matandazo ya makuti ya zamani yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 mpaka 8.

Masizi meusi na sisimizi

Majani yana kitu cheusi kinachofutika kwa kidole na sisimizi wanapanda na kushuka. Geuza jani, tazama na kijiti, utaona vidugamba, vijivimbe vidogo vya kahawia vimeganda, au vile vyeupe vya pamba. Vinanyonya, vinatoa utamu, utamu unaota masizi, sisimizi wanavilinda. Ukimaliza vidugamba masizi yanajiondokea. Matawi yaliyojaa kata, yaliyobaki piga mwarobaini, mbegu zilizotwangwa gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilale usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, piga jioni manake jua linaivunja nguvu, na upige chini ya jani. Rudia baada ya wiki. Usipige maua yakiwa yamefunguka na vipepeo vya usiku vinazunguka.

Maua tele, matunda hakuna

Ukishaacha kuukata ncha, bado inaweza kukosa. Kuna mimea ya mtandamboo haijizalishi kwa chavua yake yenyewe, na bustani nzima ikitokana na tawi la mmea mmoja, hiyo yote ni mmea mmoja hata ukiona mia. Panda mwingine wa asili tofauti karibu. Wachavushaji wake ni wadudu wa usiku zaidi, ukiwa na haja sana chukua brashi ndogo laini jioni upitishe toka ua la mmea huu hadi la mwingine.

Watoto wakifika kwenye matunda waambie yale yaliyoiva mekundu kabisa na laini ndio ya kula. Mabichi hapana, majani na utomvu hapana, na kwa njia ya watoto kupita mimi singeupanda kabisa, uache mita nzima toka kwenye njia.

Kipandikizi hakishiki

Ukikata tawi ukalichomeka ardhini hivihivi utangoja mpaka uchoke, utomvu unaziba na tawi linakauka. Fanya hivi, mvua zikianza Aprili chagua ncha ya tawi changa, ikate nusu ya unene tu, ikunje kuelekea chini na uiache bado imeshikana na mama yake. Miezi miwili kidonda kinakuwa kimefunga na kuvimba, mwezi wa sita hivi unaimalizia kuikata, unaipanda kwenye kifuko cha mchanga na mboji chini ya kivuli cha makuti, na mchanga huo uwe wa mtoni.